Dischaji: Neno Lililonifikisha Malakisi

Nilirudisha funguo za kabati la faili siku ya Ijumaa. Jumatatu iliyofuata niliamka alfajiri kama kawaida, nikavaa shati, nikafunga kamba za viatu, ndipo mke wangu akaniuliza, "Sasa unaenda kumpa nani namba?" Nikavua viatu. Hivyo ndivyo nilivyostaafu.

Nyinyi vijana wa dirisha la rekodi mliniomba niwaachie maandishi. Mlisema maneno mawili matatu ya mzee. Mimi nina neno moja tu, tena si la kwetu. Habari za vyeo na mishahara nitaziacha, kwa sababu kwangu ni fupi na zinaleta usingizi. Nitawaeleza juu ya neno hili kwa kuwa nililicheka miaka mingi, halafu likanicheka mara moja, na hiyo mara moja ilitosha.

Nilianza kazi katika hospitali moja ya Kitale nikiwa kijana mwenye suruali moja nzuri. Juu ya dirisha letu palikuwa na kibao kilichochorwa na fundi wa kutoka kwetu Bungoma. Fundi aliandika kama anavyosema: LEKODI. Msimamizi wa wakati huo aliitisha kikao kuhusu kile kibao, kikao kikaunda kamati, na kibao kikazeeka kikiwa vile vile. Wagonjwa walitupata bila shida.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Kulikuwa na mhuri wa tarehe uliokwama mwezi wa Septemba, kwa hiyo kwa muda mrefu Trans-Nzoia nzima ililazwa Septemba. Kulikuwa na pedi ya wino tuliyoilowesha kwa maji ya bomba, na kalamu iliyofungwa kwa kamba ya katani ili isiondoke na daktari. Na kulikuwa na kitabu kikubwa cha hesabu ya vitanda. Kila asubuhi nilikibeba wodi kwa wodi nikiandika nani ameingia, nani ametoka na nani amefariki. Safu ya waliotoka ilikuwa na kichwa cha Kiingereza: Discharge. Nikalijua neno hivyo, kwamba ni mtu kwenda nyumbani. Shuleni nilikuwa wa tatu katika Kiingereza, kwa hiyo sikuona sababu ya kumuuliza mtu.

Wiki yangu ya kwanza, katika wodi ya wanawake, nilifungua faili nikakuta daktari ameandika: "Discharge from left ear." Nikamwandika mgonjwa katika waliotoka. Hilo la sikio la kushoto nilidhani ni mlango.

Wodi hiyo ilikuwa ya Sista Njeri. Wazazi wake walitoka Nyeri wakanunua shamba nje ya Kitale kabla mimi sijazaliwa, na yeye alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti iliyowatosha watu wa wodi tatu. Saa saba aliniita.

"Karani, huyu anayekula ugali hapa ni nani?"

"Huyo ameenda nyumbani, Sista."

"Ameenda nyumbani na sahani yangu?"

Mgonjwa aliacha kutafuna. Sista Njeri alisoma faili, akanitazama, akasoma tena. Hakucheka mbele ya mgonjwa, lakini mabega yalimtikisika.

"Sikiliza," alisema. "Dischaji ya mtu ni kwenda nyumbani. Dischaji ya sikio ni usaha. Wenye lugha yao walikosa neno la pili wakatumia hilo hilo moja. Sasa wewe ukisoma kitu kwa faili, beba miguu uende uone mwenye faili. Umesikia?"

"Nimesikia, Sista."

Nilisikia, kweli. Kwa miaka ya mwanzo nilikuwa naenda kuangalia kitandani hata wale waliokuwa wameandikwa wamekufa.

Mwaka wa pili tulimlaza mahabusu aliyevunjika paja. Mguu wake ulining'inizwa kwa kamba na uzito, na mkono wake ukafungwa pingu kwenye kitanda, kana kwamba angeweza kuondoka na kitanda. Siku moja askari jela aliyemlinda aliletewa barua ya mahakama. Akaisoma, akafungua pingu, akaanza kukusanya kofia yake.

"Huyu amedischajiwa," alimwambia daktari.

"Na nani?" daktari akauliza. "Mimi sijamdischaji. Hata wiki tatu hajamaliza."

"Hakimu amemdischaji."

"Hakimu amepiga eksirei?"

Walibishana hapo juu ya kitanda, watu wawili waliosoma, kila mmoja na karatasi yake. Mgonjwa aliwatazama mmoja baada ya mwingine mpaka akachoka. "Samahani wakubwa," akasema. "Kwani mimi niko huru ama niko mgonjwa?" Sista Njeri akamwambia yuko vyote viwili, atulie, asichezeshe mguu.

Baada ya hapo nikaanza kulikusanya lile neno kama watu wanavyokusanya stempu. Alikuja polisi aliyejipiga risasi kidole cha mguu, na katika taarifa yake ni bastola iliyodischaji yenyewe, yeye alikuwa karibu tu. Mlinzi wa lango alikuwa analala zamu nzima kwa sababu tochi imedischaji. Mkulima mmoja wa Kiminini aliniambia kwa furaha kwamba amemaliza mkopo na benki imedischaji shamba lake, nami nikamuuliza limelazwa tangu lini. Hizo hadithi nilizisimulia wakati wa chai kwa zaidi ya miaka ishirini. Nilipohamishiwa hospitali ya Bungoma, kwetu, nilikuja nazo. Kila karani mpya nilimkalisha chini nikamfundisha dischaji zote, na nyinyi ni mashahidi kwamba nilifundisha kwa majivuno. Hakuna aliyenishinda kwa neno hilo.

Sasa nifike kwa Mama Nasimiyu.

Alikuwa mama wa miaka sabini hivi, mkulima wa tumbaku kutoka Malakisi, mikono yake imekuwa ya kahawia kwa kushika yale majani. Alikuwa amepasuliwa tumbo, yuko siku ya tano, kitanda cha kumi na moja. Wiki hiyo tulikuwa tunangoja mgeni rasmi. Mgeni alikuwa anakuja kuzindua gari jipya la wagonjwa, na msimamizi wetu wa hospitali alikuwa na hofu moja tu, kwamba mgeni atachungulia wodini akute wagonjwa wawili wawili kitandani kama walivyokuwa siku zote. Asubuhi ya sherehe alikuja dirishani mwenyewe, na tai yake mpya.

"Mzee Barasa, nataka vitanda. Kila aliyeandikiwa dischaji awe ametoka kufikia saa nne. Usiningojee mambo ya kesho."

Nikazipitia faili nimesimama. Katika faili ya Mama Nasimiyu, daktari kijana aliyekuwa kwenye mwaka wa mafunzo alikuwa ameandika mstari mmoja kwa ule mwandiko wao wa kukimbia. Nikaliona neno "Discharge," halafu alama mbili za kujumlisha, halafu kitu kama mnyoo. Nikatoa karatasi ya ruhusa, nikagonga mhuri. Miguu sikuibeba kwenda kumwona. Yeye ndiye aliyekuja kwangu, ameshikiliwa na mwanawe Wekesa, kuchukua karatasi.

"Karani," alisema, "lakini tumbo bado linatoa maji."

Nataka mjue kwamba alisema hivyo. Alisema kwa Kiswahili kilichonyooka, akiwa umbali wa mkono mmoja kutoka kwangu.

"Daktari ameandika, mama," nikamjibu.

Akafikiri kidogo. "Haya. Kama ameandika."

Wakaenda. Nikaongeza mtu mmoja katika safu ya waliotoka. Nje, vijana walikuwa wanafunga maua kwenye hema.

Hazikupita saa mbili daktari kijana akaja mbio dirishani, ameshika trei ya kusafishia vidonda.

"Mzee, wa kumi na moja yuko wapi?"

"Si ulimdischaji?"

"Mimi?"

"Umeandika hapa."

Akaivuta faili, akaniwekea kidole kwenye ule mnyoo. "Nimeandika ana dischaji! Kidonda kinatoa usaha mwingi! Hili neno ni 'wound', kidonda! Alikuwa arudi thieta leo kufunguliwa tena!"

Nililijua kosa hilo kuliko mtu yeyote katika jimbo zima. Nililijua lilivyoanza, nani alilifanya kwanza na kwa sikio gani. Nikakaa chini.

Tukaenda kwa msimamizi. Alikuwa anamfundisha mtoto wa kutoa maua jinsi ya kupiga goti. Alisikiliza, akatazama saa. "Tutashughulikia mgeni akishaondoka."

"Bwana, huyu mama anaweza kufa," daktari akasema.

"Hata mimi naweza kufa mgeni akifika hapa akute fujo."

Nikamwendea dereva, nikamwambia tuchukue gari jipya twende Malakisi. Akanitazama kama nimemwomba mkewe. "Utepe haujakatwa, mzee."

"Basi ile ya zamani."

"Ile betri imedischaji."

Naapa ndivyo alivyosema. Siku nyingine ningemnunulia chai kwa hilo.

Nikarudi dirishani. Sijui nilirudi kufanya nini. Nikampigia simu Sista Njeri, ambaye wakati huo alikuwa amestaafu siku nyingi, yuko kwa shamba lake Kitale na ng'ombe wake watatu. Nikamweleza yote, hata lile jibu langu kwa mama.

"Barasa, saa hii uko wapi?"

"Niko kwa dirisha."

"Unafanya nini kwa dirisha?"

Nikakata simu, nikavua beji, nikatoka kwa lango la nyuma nikapanda boda.

Lami ilituacha njiani, vumbi likatuchukua. Nilipofika Malakisi niliuliza kwa Mama Nasimiyu, na hakuna aliyehitaji kunielekeza mara mbili, kwa sababu nyimbo zilisikika kutoka barabarani. Familia ilikuwa imeita kanisa. Mabenchi yalipangwa kando ya banda la kukaushia tumbaku, kuku alikuwa anachemka, na pasta alikuwa amesimama katikati akishukuru. Mama mwenyewe alikalishwa mbele kwenye kiti chenye mikono, amefunikwa blanketi jua likiwa kali, uso unang'aa jasho. Watu walidhani ni furaha.

"Madaktari wa dunia walisema wiki tatu!" pasta alikuwa anasema. "Lakini Daktari Mkuu alisema siku tano! Yeye ndiye aliyetia sahihi ile dischaji!"

"Amina!"

Sahihi ilikuwa yangu. Nilisimama nyuma ya benchi la mwisho nikingoja apumue, na pasta huyo alikuwa na mapafu. Mwishowe nikapita katikati ya watu. Wekesa akanitambua, akatabasamu, akainuka kunipa kiti.

"Mzee wa rekodi! Umekuja kushukuru na sisi?"

"Wekesa, nimekuja kumrudisha mama. Nilikosea. Hakuwa ametoka."

Pasta aliuliza, "Ati?"

"Daktari aliandika kidonda kinatoa usaha. Mimi nikasoma kwamba aende nyumbani. Kwa Kiingereza ni neno moja."

"Neno moja," Wekesa akasema. Alikuwa kijana mkubwa, na tabasamu lake lilichukua muda kuisha. "Mama alikuambia. Mimi nilikuwa nimemshika mkono. Alikuambia tumbo linatoa maji. Hilo lilikuwa Kiingereza?"

"Hapana."

"Sasa?"

Nilidhani atanipiga, na ningekaa nipigwe. Mama ndiye aliyemaliza. Alisema kwa sauti ndogo, "Wekesa, wacha maneno. Mimi nasikia baridi." Nikamshika mkono ukawa kama sufuria iliyotoka jikoni. Jirani aliyekuwa na pikapu ya kubeba tumbaku akaileta, tukatandika magodoro juu ya magunia, tukaondoka. Wekesa alimshika kichwa njia nzima. Hakunitazama tena.

Tulifika alasiri, sherehe ikiwa imekolea. Gari jipya la wagonjwa lilikuwa limeegeshwa katikati ya lango la dharura, na utepe mwekundu kutoka kioo hadi kioo. Mgeni alikuwa anaeleza jinsi gari hilo litakavyookoa akina mama wa mashambani. Ikabidi tumshushe mama wa mashambani barabarani, tumbebe kwa blanketi kando ya ukuta, tupite nyuma ya jikoni. Daktari kijana alikuwa anatungoja mlangoni, tayari amevaa nguo za thieta. Huyo mwandiko wake sitausamehe, lakini siku hiyo hakutazama hema hata mara moja.

Walimfungua tena. Siku nne hatukujua kama atapona. Siku ya tano akaomba uji. Hakufa, na namshukuru Mungu, ila akaambiwa asibebe kitu kizito tena, na kwa mkulima wa tumbaku hiyo ni hukumu. Msimu huo majani yake yaliharibika shambani, kwa sababu mwenye kuyachuma alikuwa kitandani na mwanawe alikuwa kando ya kitanda.

Kamati ya uchunguzi ilikuwa na watu saba na chupa za maji kumi na nne. Ilikaa asubuhi nzima. Kabla ya kikao, msimamizi aliniita kuhusu taarifa niliyoandika.

"Nzuri sana, Mzee Barasa. Lakini hii sentensi ya mgonjwa kukwambia tumbo linatoa maji, itoe. Haisaidii."

"Haimsaidii nani?"

"Wewe unakaribia kustaafu," alisema kwa upole. "Tuseme tu mwandiko haukusomeka."

Nikaitoa. Msiniangalie hivyo, nawaambia mambo yalivyokuwa. Niliandika upya ukurasa mzima kwa mwandiko mzuri, bila mama kusema chochote. Kamati ikagundua kwamba hakuna mtu aliyekosea, lililokosea ni neno. Ikatoa waraka, ukabandikwa juu ya dirisha letu. Ulikuwa kwa Kiingereza, nami nitawatafsiria: kufuatia dischaji ya mgonjwa mwenye dischaji, wafanyakazi wote wanakumbushwa kudischaji majukumu yao kwa uangalifu. Niliusoma mbele ya vijana wa dirishani wa wakati huo. Wao walinitazama wakingoja nicheke, nikashindwa.

Jioni hiyo nilipeleka maziwa kitanda cha kumi na moja. Wekesa aliyapokea, kisha akaniuliza taratibu, bila hasira, jambo lililokuwa baya zaidi kwangu.

"Mzee, kwa ile karatasi yako, uliandika kwamba mama alikuambia?"

"Niliandika. Halafu nikatoa."

Akaweka maziwa chini. Mama alikuwa amefumba macho, sijui kama alisikia.

Kesho yake nilichukua karatasi nyingine nikaandika upya. Safari hii nilianza na maneno yake: tumbo bado linatoa maji. Nikayaandika kwa Kiswahili kama alivyoyasema, nikaandika na jibu langu chini yake, nikapiga mhuri, nikaweka nakala katika faili ya mgonjwa na nyingine nikampa Wekesa mkononi. Msimamizi aliniletea barua ya onyo yenye kurasa mbili. Kosa la kwanza lilikuwa kuwasilisha taarifa bila idhini. La pili, na hilo alilipigia mstari, lilikuwa kutumia Kiswahili katika faili.

Wiki ya sita daktari kijana akaja dirishani na faili ya Mama Nasimiyu. Alikuwa ameandika kwa herufi kubwa kama za mtoto wa chekechea: GO HOME. Nikamuuliza kama ndivyo alivyokusudia, akasema ndivyo, akarudia mara ya pili bila kuulizwa. Nikaenda wodini nikavuta kiti.

"Mama, unaenda nyumbani."

"Nani amesema?"

"Daktari."

"Ameandika ama amesema?"

"Ameandika, na pia amesema kwa mdomo. Nimemsikia."

Wekesa alikuwa ameshaanza kukunja shuka.

"Na mimi, nani ameniuliza?" mama akauliza.

Nikamwambia bado. Akasema, "Basi niulize."

"Mama Nasimiyu, unasikiaje? Uko tayari kwenda?"

Aliweka mkono juu ya mshono, akaubonyeza pole pole upande mmoja hadi mwingine, kama mtu anayekagua embe sokoni, akachukua wakati wake wote.

"Kesho," akasema.

Wekesa akaikunjua shuka. Nilirudi dirishani, nikaweka faili kabatini, nikafunga. Msimamizi alipopiga simu kuuliza mbona kitanda cha kumi na moja bado kina mtu, nilimwambia mwenyewe amesema kesho.